Kiatu Kibane, Kifungio Kiachie

Mwaka 1937 Hjalmar Hvam alilazwa hospitalini akiwa amevunjika mguu. Alikuwa Mnorwei aliyehamia Portland, katika jimbo la Oregon nchini Marekani, na theluji aliijua tangu utotoni. Miaka mitano nyuma alikuwa ametwaa ubingwa wa taifa wa Marekani katika skii. Mguu aliuvunja Mlima Hood, mashariki ya mji wake. Mwenyewe alisimulia kwamba alipozinduka kutoka kwenye dawa ya usingizi alimwita muuguzi amletee penseli na karatasi, kwa sababu jawabu la tatizo lililomlaza pale lilikuwa limemjia. Alichora kishikizo cha chuma cha kubana ncha ya buti, chenye uwezo wa kupinda pembeni na kuuachia mguu pindi skii inapousokota kupita kiasi. Baadaye alikitengeneza na kukiuza, na huhesabiwa miongoni mwa vifungio vya kwanza vya kuachia kupata kuingia madukani.

Wasiwasi uliokikabili kishikizo hicho haujaisha hadi leo. Je, kama kitaachia pasipotakiwa? Mtu anashuka mteremko mgumu kama saruji, kwa kasi ya pikipiki ya mjini, halafu skii moja inamtoka katikati ya kona. Ndiyo maana kifungio cha skii ni kifaa kigumu kukichagua na kigumu zaidi kukirekebisha: kimepewa kazi mbili zisizopatana. Kinatakiwa king'ang'anie mguu katika kila mtikisiko, kila kona na kila shimo. Na kinatakiwa kiuachie mara moja, bila kubembelezwa, kabla mfupa haujashindwa. Kazi yake ni ile ya fyuzi ya umeme. Fyuzi inayokatika kila ukiwasha pasi ni usumbufu, lakini aliyeibadilisha kwa kipande cha waya ili isikatike tena ameweka nyumba mahali pa fyuzi.

Sura hii inahusu vitu viwili vinavyounganisha mwili na skii, yaani buti na kifungio, na ina jambo moja la kusema: wageni wengi hugeuza mambo. Huchagua buti iliyolegea kwa sababu ina raha, kisha huomba kifungio kikazwe kwa sababu wanaogopa kutokwa na skii. Inatakiwa iwe kinyume chake kabisa.

Ili kuelewa kwa nini, tazama jinsi mguu unavyovunjika. Skii ya mtu mzima siku hizi ina urefu wa mita moja na nusu hadi moja na themanini. Zamani zilivuka mita mbili. Ncha yake ya mbele iko mbali sana na mguu. Ikinasa kwenye theluji nzito huku mwili ukiendelea na safari, ule ubao wote unageuka wenzo, na kinachosokotwa mwisho wa wenzo ni muundi. Nguvu ndogo kule nchani inafika mfupani ikiwa kubwa mno. Mfupa hupasuka kwa kuzunguka, kama ulivyosokotwa.

Kwa karne nyingi hatari hii ilikuwa ndogo kwa sababu mguu haukufungwa sawasawa. Ukanda wa ngozi ulipita juu ya vidole, basi. Skii ilikuwa chombo cha kuvuka nyika, na kwenye mteremko mkali mtu aliteremka kwa tahadhari, akijizuia kwa fimbo. Aliyebadili mambo anatajwa kuwa Sondre Norheim, mkulima maskini wa Morgedal, katika wilaya ya Telemark nchini Norwei, aliyezaliwa mwaka 1825. Alizungushia kisigino kamba ngumu ya vitawi vilivyosokotwa, na kwa mara ya kwanza skii ikafuata mguu ulikoelekea. Aliweza kuruka na kukata kona bila kiatu kuchomoka. Mwaka 1868, akiwa na miaka 42, alifika Christiania, mji unaoitwa Oslo leo, akawaacha wenyeji midomo wazi. Kisigino chake, hata hivyo, kilibaki huru kunyanyuka, na uhuru huo ulimwezesha kuanguka bila kuvunjika.

Uhuru huo ulipotea kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1930, pale vifungio vya waya, maarufu kwa jina la Kandahar, vilipoenea katika milima ya Alps. Waya ulizunguka nyuma ya buti na kukikandamiza kisigino kwenye skii. Kwa kuteremka, hapakuwa na kitu bora zaidi. Ila sasa mguu na ubao vilikuwa kitu kimoja, na hapakuwa na mahali pa kukatikia isipokuwa mfupani. Hvam alikuwa mmoja tu wa wengi. Baada ya vita kuu ya pili wabunifu wa Ulaya walilivalia njuga suala hili: Jean Beyl huko Nevers, Ufaransa, akatoa vifungio vya Look, na Hannes Marker huko Ujerumani akatoa vya kwake mwanzoni mwa miaka ya 1950. Majina hayo mawili bado yamechapwa kwenye vifungio vilivyojaa madukani.

Wakati huohuo buti nazo zilikuwa zikibadilika, na hapa ndipo hadithi inaponoga. Buti za zamani zilikuwa za ngozi, fupi, za kufungwa kwa kamba. Zililowa, zikalegea, na aliyeanguka aliteguka au kuvunjika kifundo cha mguu. Katika miaka ya 1960 Bob Lange, Mmarekani wa Dubuque, Iowa, akaleta buti za plastiki. Plastiki haikulegea. Ilipanda juu ya kifundo hadi katikati ya muundi, ikakishika kifundo kama plasta ya hospitali, na kila msogeo wa goti ukafika kwenye skii papo hapo. Vifundo vikapona. Mivunjiko ikahamia juu, pale ukingo wa buti unapoishia kwenye muundi.

Kisha vifungio vikaboreshwa hadi vikaweza kuokoa muundi. Watafiti watatu wa Marekani, Robert Johnson, Carl Ettlinger na Jasper Shealy, walianza mwaka 1972 kuandika majeraha ya watu walioumia katika kituo cha skii cha Sugarbush, Vermont, wakaendelea kwa miongo mingi. Waliona mivunjiko ya muundi ikipungua sana mwaka hadi mwaka. Waliona pia, bila kutarajia, kano za goti zikianza kukatika kwa wingi. Jeraha lilikuwa limepanda mguu ghorofa nyingine. Nitalirudia goti baadaye, kwa kuwa wanunuzi wengi hudhani kifungio kipya cha bei kali kinalilinda, na muuzaji asiye mwaminifu hatawakosoa.

Kabla ya kuingia dukani ni lazima ujue unakwenda kwenye skii ipi, maana buti ya aina moja haiingii kwenye kifungio cha aina nyingine. Msomaji wa Kenya anamkumbuka Philip Boit, mkimbiaji wa mita 800 aliyejifunza skii Finland na kushiriki Olimpiki ya Nagano mwaka 1998. Alimaliza wa mwisho katika mbio za kilomita 10, na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alimsubiri kwenye mstari ili amkumbatie. Skii za Boit zilikuwa za masafa: buti yake laini kama raba ilishikwa kwenye vidole tu, kisigino kikinyanyuka kila hatua, karibu na mtindo ule wa Norheim. Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyekulia Austria na kuiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018, alikuwa mtu wa mteremko: buti ya plastiki, ncha na kisigino vimebanwa. Hawa wawili wasingeweza kuazimana hata kiatu kimoja. Kuna na aina ya tatu, ya wale wanaopanda mlima kwa miguu yao wenyewe kisha wakateremka. Kwao Fritz Barthel wa Austria alibuni katika miaka ya 1980 kifungio chepesi cha vipini viwili vya chuma vinavyoingia kwenye vitobo vya buti. Ni kazi nzuri ya ufundi, lakini si ya mwanagenzi. Kuanzia hapa nazungumzia skii ya mteremko, ndiyo ambayo marafiki wa ofisini watakukokotea ukihamia Oslo, Munich, Denver au Calgary.

Anza na buti. Kama una fedha za kununua kitu kimoja tu, nunua buti, na skii zenyewe endelea kukodi. Skii isiyokufaa itakuchosha; buti isiyokufaa itakufanya uchukie mchezo mzima kabla ya saa sita mchana.

Fundi anayejua kazi yake hataanza kwa kukuuliza namba ya kiatu. Atakuvua soksi, akusimamishe kwenye kipimo, na kupima kila mguu peke yake, kwa kuwa mara nyingi haulingani. Namba ya buti ya skii ni urefu wa wayo kwa sentimita: wayo wa sentimita 26.5 ni buti 26.5, na mtu huyo mtaani huenda anavaa 42. Hapo wengi hukosea, kwa sababu wakishaivaa buti yenye namba yao sahihi huhisi imewabana, wakaomba namba inayofuata, na ile inayofuata. Ndipo fundi mzuri anapokataa kubishana na kutoa kiatu cha ndani, kile chenye sifongo, akuachie gamba tupu la plastiki.

Jaribio hili lifanye hata kama hujaambiwa. Ingiza mguu mtupu kwenye gamba, usogeze mbele hadi vidole viguse plastiki kidogo tu, halafu inama uchungulie nyuma ya kisigino. Nafasi iliyobaki pale iwe sentimita moja na nusu hadi mbili. Ikizidi hapo, buti ni kubwa, hata kama ikiwa na sifongo yake ilikukaa kama glavu. Sifongo mpya hudanganya, na baada ya siku chache za matumizi itakuwa imekandamizika na mguu unaogelea. Wanamashindano huridhika na nafasi isiyofika sentimita moja, lakini wao hulipwa kuvumilia.

Sasa rudisha kiatu cha ndani, vaa soksi moja nyembamba, moja tu, na uvae buti. Gonga kisigino chini mara mbili tatu ili kikae kwenye kikombe chake. Funga mabizimu ya juu kwanza, ya kifundo na muundi, ndipo ya chini, na ya chini usiyakaze sana. Ukisimama wima vidole vitagusa mbele, na utataka kulalamika. Usilalamike bado. Kunja magoti, sukuma muundi mbele dhidi ya ulimi wa buti, na utaona vidole vikirudi nyuma na kupata nafasi. Huo ndio mkao wa kuteleza. Buti haikutengenezwa kwa ajili ya mtu aliyesimama wima akisubiri basi. Jaribu kunyanyua kisigino. Kikinyanyuka, hata kwa nusu sentimita, tafuta nyingine. Kisha kaa nazo robo saa nzima, utembee dukani bila aibu. Kubanwa kila upande kwa usawa ni sawa. Ganzi si sawa. Maumivu ya mahali pamoja, tuseme kwenye mfupa wa kifundo au ubavu wa kidole cha mwisho, hayapoi yenyewe, ila fundi anaweza kuipasha plastiki joto na kuivuta pale pale.

Upana ni suala ambalo wasomaji wa sura hii walitilie maanani kuliko Wazungu wengi. Buti hutengenezwa kwa kalibu za upana tofauti, zinazotajwa kwa milimita: 98 ni nyembamba, 100 ya kati, 102 na kuendelea ni pana. Tafiti za nyayo za watu waliokua pekupeku zimeonyesha kwamba wayo wao huwa mpana zaidi sehemu ya mbele kuliko wa waliokulia ndani ya viatu. Ikiwa ulikwenda shule ya msingi bila viatu, au kwa ndala, usikubali kupewa buti nyembamba kisha ukaongezwa urefu ili upana upatikane. Huo ni ujanja wa muuzaji asiye na buti pana stoo. Omba kalibu pana kwa urefu wako ule ule.

Namba nyingine iliyochapwa ubavuni, 70, 90, 110, 130, inaeleza ugumu wa buti kupinda mbele. Usiiabudu. Hakuna kipimo cha pamoja kinachozilazimisha kampuni, hivyo 90 ya kampuni moja yaweza kuwa ngumu kuliko 100 ya jirani yake. Zaidi ya hayo, plastiki hukakamaa kwenye baridi: buti uliyoipinda kwa urahisi dukani penye joto la nyuzi 20 itakuwa kitu kingine kabisa kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri. Anayeanza, mwenye uzito wa kawaida, atafaidika na buti laini anayoweza kuipinda. Kuna wanaume wanaonunua 130 kwa sababu ile ile inayowafanya wanunue magari makubwa, nao utawaona mlimani wamesimama wima kama nguzo za simu, wamekaa nyuma ya skii zao.

Kuhusu starehe, historia ina kichekesho chake. Katika miaka ya 1980 zilitamba buti za kufungukia nyuma: unachomeka mguu kama kwenye kandambili, unabana, umemaliza. Watu walizipenda mno. Zikakaribia kutoweka, kwa sababu hazikuushika mguu sawasawa na kila aliyeendelea kujifunza aliziacha. Tangu mwaka 2023 kampuni kadhaa zimeweka kitufe cha kuzungusha kinachovuta waya badala ya mabizimu ya chini, na hizi zinaonekana zitadumu, maana zinabana kwa usawa. Bado sijaona sababu ya kulipia zaidi kwa ajili ya kitufe tu.

Onyo la mwisho la buti ni dogo na huwapata karibu wote wanaotoka nchi za joto: usiingize suruali ya ndani kwenye buti. Tunaogopa baridi, tunavaa soksi mbili, tunashindilia na suruali, na ule mkunjo wa kitambaa juu ya muundi hugeuka kisu ifikapo mchana. Soksi ya pili nayo inaziba damu, na vidole vinazidi kuwa vya baridi.

Buti ikishapatikana, geukia kisigino chake, upande wa nje, usome namba iliyochongwa kwenye plastiki: 295 mm, 305 mm, 315 mm. Huo ni urefu wa soli, na ndio lugha ambayo buti huzungumza na kifungio. Soli ndefu ni wenzo mrefu, hivyo inahitaji springi iliyolegezwa zaidi ili iachie kwa nguvu ile ile. Ndiyo maana huwezi kubadilisha buti, hata na za ndugu yako mwenye namba kama yako, ukaacha kifungio kilivyo.

Kwenye kifungio, mbele na nyuma, kuna kidirisha chenye namba. Watu huiita DIN, kwa jina la shirika la viwango la Ujerumani, ingawa sasa kanuni zake ni za kimataifa. Vifungio vya watoto huanzia chini ya 1; vya watu wazima wa kawaida huishia 10 au 11; vya mbio hufika 18 na zaidi. Namba haichaguliwi kwa kukisia. Inatoka kwenye jedwali linalouliza mambo matano: uzito, kimo, umri, urefu wa soli, na namna unavyoteleza. Kati ya uzito na kimo, hufuatwa kile kinachotoa namba ndogo. Mwenye miaka 50 na zaidi hushushwa daraja moja. Mtu wa kilo 70 hivi, kijana, wa kiwango cha kati, mwenye soli ya milimita 305, ataangukia karibu na 6. Hapo hakuna sifa wala aibu, ila ukisikiliza mazungumzo kwenye lifti za mlimani ungedhani namba hiyo ni mshahara.

Jedwali ni aminifu kwa kadiri unavyolipa ukweli. Katika duka moja la kukodisha, kusini mwa Munich, nilimsikia mama mmoja wa Kimombasa akisoma fomu juu ya bega la mdogo wa mumewe.

"Shemeji, kilo sabini hizi za nani?"

"Zangu."

"Zako za mwaka gani? Ulipokuja kuposa nasi ulikuwa themanini."

"Shemeji nawe. Wataniona mzee."

"Acha wakuone mzee, wasikuone hospitali. Na hapa umeweka alama ya mwenda kasi. Theluji umeiona lini wewe?"

Alikuwa na haki katika yote mawili, na ajabu ni kwamba uongo wa shemeji, kila mmoja ulivuta upande wake. Kupunguza uzito kunashusha namba, na skii itakutoka kwenye kona ambayo haikuwa na shida yoyote. Kujipandisha kiwango kunaongeza namba, na siku utakapoanguka polepole, kuanguka kwa mwanagenzi kule kwa kujisokota taratibu, kifungio kitangoja nguvu ambayo haiji hadi mfupa utangulie. Fomu ina aina tatu: ya kwanza ni mtu mwangalifu wa mwendo mdogo, ya tatu ni mtu wa kasi na miteremko mikali, ya pili ni waliobaki. Aliye mwaka wake wa kwanza ni aina ya kwanza. Namba ikiwekwa, haijaisha: fundi anatakiwa aingize buti yako yenyewe, asogeze kisigino cha kifungio kwenye reli hadi alama ya mkandamizo ikae mahali pake, na ikiwezekana apime kwa mashine nguvu halisi inayofyatua. Springi mbili zenye namba moja kidirishani hazifyatuki sawa ikiwa moja ina kutu.

Kisha kuna soli zenyewe. Zamani zilikuwa za aina moja, bapa, za plastiki ngumu. Leo nyingi zina soli iliyopinda yenye mpira, ya GripWalk, inayokuwezesha kutembea kwenye maegesho bila kuyumba kama bata. Ni raha kweli. Ila kifungio cha zamani kilichotengenezewa soli bapa hakielewani nayo: mpira hung'ang'ania pale plastiki ingeteleza, na namba kidirishani inakuwa haina maana. Tazama alama kwenye kifungio na kwenye buti, na zisipooana, usikubali kuambiwa kwamba "inaingia". Kuingia kila kitu kinaingia.

Hata vikioana, uchafu huharibu. Chini ya ncha ya buti kuna kibao kidogo laini ambacho soli huteleza juu yake wakati wa kufyatuka. Ukitembea na buti kwenye lami na mchanga, soli inakwaruzika. Ukikanyaga theluji yenye maji, donge huganda chini ya wayo, gumu, la ukubwa wa nusu limau, na buti inakaa imenyanyuka upande mmoja. Kabla ya kuvaa skii, piga soli kwa fimbo, ukwangue kwenye ukingo wa kifungio, kila mara, hata kama wenzako wanakungoja kwa kununa.

Goti, basi. Kifungio cha kawaida husikia mambo mawili: ncha ya buti ikisukumwa pembeni, na kisigino kikivutwa juu. Ettlinger na wenzake walichunguza jinsi kano la mbele la goti linavyokatika, wakakuta namna moja ikijirudia: mtu amepoteza mizani, ameketi nyuma, makalio yamekuwa chini ya magoti, uzito wote uko kwenye ukingo wa ndani wa skii moja, na mkia wa skii, ule ulio nyuma ya kisigino, unalisokota goti lililokunjwa. Ncha ya kifungio haijahisi kitu. Kano linakatika mtu akiwa bado hajagusa theluji. Kuna vifungio vipya vinavyoweza kuachia kisigino kwa upande, na wazo lenyewe ni zuri, lakini kinga ambayo watafiti wale waliifundisha ni ya tabia: mikono ibaki mbele, na ukishaanza kuanguka kubali kuanguka. Usijaribu kusimama huku bado unateleza, na usijikalishe chini kwa makusudi.

Hali ya mfuko sasa. Kukodi ni sahihi kwa misimu ya mwanzo, kwa masharti ya kusoma namba mwenyewe kwenye vidirisha vyote vinne na kuilinganisha na karatasi uliyopewa; foleni ya Jumamosi asubuhi huchosha mafundi. Ukiamua kununua buti, nunua kwa fundi atakayekubali uzirudishe akuvutie plastiki bila malipo, na ukisafiri kwa ndege zibebe mkononi. Skii utazikuta popote, ila buti iliyofinyangwa kwa mguu wako ikipotelea Frankfurt hakuna duka la kijijini litakalokupa mfano wake.

Vya mitumba ni hadithi nyingine. Plastiki ya buti huzeeka hata ikikaa kabatini: hukauka, hugeuka rangi, na siku ya baridi kali gamba zima linaweza kupasuka mguuni. Vifungio navyo vina ukomo. Kampuni hutoa orodha ya aina ambazo bado zinazitambua, na kisichomo kwenye orodha fundi hatakigusa kwa bisibisi, hata umlipe mara mbili. Kwa hiyo ukikuta gulioni seti nzima ya mwaka 1995, buti, skii, vifungio na fimbo, kwa bei ya chakula cha mchana, chukua fimbo.